Kutembea ili kuepuka kiharusi: mwongozo wa kuanza kwa waliopita miaka 60

Kila mazoezi yanapotajwa mbele ya wazee wa Kisumu, Kakamega au Nakuru, maswali huwa yale yale. "Nina presha, kutembea kwa kasi si kutanipasua mshipa?" "Mimi nalima, mazoezi ya nini tena?" "Nilikimbia sana nikiwa shuleni, hiyo haitoshi?"

Tuanze na majibu mafupi. Kutembea kwa kasi ya wastani hushusha presha, na presha ya juu ndiyo inayoleta viharusi vingi kuliko kitu kingine chochote. Hatari iko katika kujikamua ghafla, hasa kuinua mzigo mzito huku umebana pumzi, na katika kuanza bila kujua presha yako ni ngapi. Kuhusu shamba: jembe ni mazoezi halali, ila ni ya msimu. Palizi ikiisha, wengi hukaa wiki nyingi bila kutoa jasho, kisha mvua zikirudi hushika jembe siku nzima. Na mbio za ujanani hazina akiba. Presha iliyoshushwa na mazoezi huanza kupanda tena wiki chache baada ya kuyaacha, kwa hiyo kinachohesabika ni kama bado unatembea mwaka huu.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Zamani mtu alitembea kwenda sokoni, kanisani, mtoni na kwenye steji ya matatu. Siku hizi bodaboda humchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Kwa mwalimu aliyestaafu au mama ambaye watoto wameshaondoka nyumbani, safari hizo ndizo zilizokuwa mazoezi yake ya kila siku, na zilipotoka hakuna kilichoingia mahali pake. Mwongozo huu unazirudisha kwa mpangilio, polepole, kwa wiki kumi.

Umeandikiwa wewe utakayetembea. Kama unausomea mama, baba, dani au kukhu (yaani nyanya) aliye nyumbani kijijini, msomee hatua moja moja, usimpe yote kwa siku moja.

Kwa nini inafanya kazi

Kiharusi ni damu kukosa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu donge limeziba mshipa, ama kwa sababu mshipa umepasuka. Kutembea mara kwa mara hushusha presha, husaidia mwili kutumia sukari vizuri, hulainisha mishipa na kupunguza uwezekano wa damu kuganda ovyo. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu wanaojishughulisha sana kimwili walikuwa na hatari ya kiharusi iliyo chini kwa takriban asilimia 27 kuliko wasiojishughulisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza kwa waliofika miaka 65 na zaidi kiwango kile kile cha watu wazima wengine: angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na juu ya hayo mazoezi ya kusimama imara siku 3 au zaidi. Nadharia inatosha hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Namna ya kupima presha. Si lazima ununue mashine. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wako huwa nayo kwenye mkoba wake, na kituo cha afya na maduka mengi ya dawa hupima. Ukinunua, chukua ya mkanda wa mkononi juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono hukosea kirahisi.
- Raba zinazobana kisigino vizuri, zenye soli isiyoteleza. Patipati na viatu vya kanisani havifai. Akala zenye mkanda wa nyuma zinakubalika kwenye njia kavu, lakini si kwa mwenye sukari: anahitaji kiatu kilichofunika vidole, na soksi.
- Kiti imara cha mbao, kisicho na magurudumu. Kiti cha plastiki huteleza kwenye sakafu ya simiti.
- Chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji. Kila moja ina uzito wa nusu kilo.
- Saa au simu yenye saa.
- Daftari na kalamu.
- Majina ya dawa zako zote, yameandikwa kwenye karatasi.
- Namba ya mtu mwenye gari, mbali na namba za dharura 999 na 112. Sababu utaiona mwishoni.

Usianze kabla ya kuonana na daktari au afisa wa kliniki ikiwa: umewahi kupata kiharusi au shida ya moyo, unapata maumivu au mbano kifuani ukipanda mlima, miguu yako huvimba na huwezi kulala bila mito miwili au mitatu, umezimia miezi ya karibuni, au umefanyiwa upasuaji hivi juzi. Hii haina maana kwamba hutatembea kamwe. Aliyepata kiharusi, hasa, anahitaji mazoezi ili asipate cha pili, lakini aanze chini ya uangalizi wa mtaalamu wa tiba ya viungo na asitoke peke yake.

Hatua

1. Pima presha siku tatu mfululizo, asubuhi. Kojoa kwanza. Usinywe chai au kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Keti dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Weka mkono mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo, juu ya ngozi na si juu ya sweta. Usizungumze. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, uandike zote mbili. Kama unakunywa dawa ya presha asubuhi, pima kabla ya kuimeza.

Makosa mawili huharibu kipimo kila mara: mkanda mdogo kwenye mkono mnene, ambao hutoa namba ya juu kuliko ukweli, na kupima ukiwa umetoka tu kutembea hadi kwenye duka la dawa. Kaa kwanza. Mwambie anayepima asubiri.

2. Soma namba zako, kisha uamue.

Chini ya 140/90: anza.

Kati ya 140/90 na 159/99: unaweza kuanza kutembea polepole, lakini panga kwenda kliniki ndani ya wiki hizi. Kutembea hakutatosha peke yake.

Kati ya 160/100 na 179/109: nenda kliniki kwanza, uulize unaruhusiwa kufanya nini huku dawa zikirekebishwa.

180/110 au zaidi: hakuna mazoezi hadi uonwe. Pumzika dakika chache, upime tena. Ikibaki hapo, nenda siku hiyo hiyo. Ukiwa pia na maumivu makali ya kichwa, macho kufifia, kifua kubana au udhaifu upande mmoja, hiyo ni dharura.

Namba mbili zikianguka kwenye makundi tofauti, fuata kundi la juu. Mtu mwenye 150/105 anahesabiwa kwa 105.

3. Gusa mpigo wako. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na uhesabu kwa sekunde 30. Unachotafuta si kasi tu, ni mpangilio. Mpigo wa kawaida huja kwa mwendo mmoja. Ukihisi unarukaruka bila utaratibu wowote, mwambie daktari akufanyie kipimo cha umeme wa moyo. Kuna ugonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, madonge hujikusanya humo, na donge moja likitoka huweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Ugonjwa huo una dawa zake, na watu wengi hawajui wanao. Hatua hii huchukua nusu dakika, usiiruke.

4. Pangilia dawa na mwendo. Meza dawa za presha kama ulivyoelekezwa, siku za kutembea na siku za kupumzika. Mambo matatu tu yanahitaji uangalifu:

Ukitumia dawa ya kukojoza, kama haidroklorothiazaidi, subiri safari za chooni zipungue ndipo utoke, na unywe maji. Kizunguzungu cha wanaotumia dawa hizi mara nyingi ni maji kupungua mwilini.

Ukitumia dawa za kupunguza mapigo, kama atenololi, usitumie mapigo ya moyo kupima kasi yako. Moyo hautapanda kama wa wengine hata ukijitahidi kupita kiasi. Tumia kipimo cha mazungumzo kilicho katika hatua ya 7.

Ukitumia insulini au glibenklamaidi kwa sukari, usitoke na tumbo tupu. Beba sukari mfukoni, vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye karatasi. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kuchanganyikiwa, ilambe hapo hapo na ukae chini.

5. Chagua njia na saa. Hapa mahali unapoishi panaamua mengi.

Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari na joto lake la mchana ni kali kwa mzee. Toka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi. Alasiri kandokando ya ziwa huwa na mvua za radi, na mzee akikimbilia kujikinga ndipo anapoteleza. Njia za Milimani na barabara ya kuelekea Dunga zina nafasi kuliko Kondele au Kibuye, ambako utatumia muda wote ukikwepa mikokoteni na boda.

Nakuru iko juu zaidi, karibu mita 1,850, na asubuhi za Juni hadi Agosti ni baridi. Baridi hubana mishipa na kupandisha presha, kwa hiyo usitoke alfajiri. Saa tatu hadi saa nne ni wakati mzuri, umevaa sweta na kofia. Ukiwa mgeni kutoka Kisumu, utahema zaidi siku chache za kwanza, basi punguza mwendo. Anza na sehemu tambarare. Miinuko ya kuelekea Menengai iache hadi mwezi wako wa tatu wa kutembea.

Vihiga na Kisii ni vilima tupu. Tafuta sehemu tambarare hata kama ni fupi, kama uwanja wa shule au wa kanisa, uzunguke. Kushuka mlima huumiza magoti kuliko kupanda, na kwa mwenye magoti mabovu ni afadhali kuzunguka uwanja mara 20 kuliko kushuka bonde mara moja.

Popote barabarani, tembea upande wa kulia ili magari yanayokuja karibu nawe uyaone uso kwa uso. Kwenye barabara za miwa za Mumias, Chemelil na Muhoroni, trela likija ondoka kabisa kwenye lami. Vaa nguo ya rangi inayoonekana; jaketi la reflekta kama la boda linafaa sana.

Chagua pia mwenzako. Wawili hawakosi kama mmoja anavyokosa, na siku ukianguka kuna wa kuita msaada.

6. Wiki ya kwanza: dakika 10 tu. Dakika 3 za mwanzo tembea polepole kabisa. Dakika 4 za katikati ongeza mwendo. Dakika 3 za mwisho punguza tena. Usisimame ghafla: miguu ikiacha kusukuma damu juu kwa mara moja, presha hushuka na kichwa huzunguka. Kisha keti, unywe maji, uandike tarehe na dakika.

Fanya hivyo siku 5. Kama dakika 10 ni nyingi, gawanya: 5 asubuhi, 5 jioni. Faida ni ile ile.

Wengi huona aibu kwa udogo wa kiwango hiki na kutaka kuanza na saa nzima. Tunakataza. Misuli na mishipa ya miguu iliyokaa miaka huuma siku ya pili, na maumivu ya siku ya pili ndiyo huwarudisha watu kwenye kiti.

7. Jifunze kasi ya wastani. Kipimo cha kwanza ni mdomo wako: uweze kuzungumza sentensi nzima lakini usiweze kuimba wimbo wa kanisani hadi mwisho wa ubeti. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Kipimo cha pili ni hatua: hesabu hatua zako kwa sekunde 15. Ukipata takriban 25, ambazo ni 100 kwa dakika, uko kwenye kasi ya wastani kwa watu wengi. Mwenye miaka 80 anaweza kufikia jitihada hiyo hiyo kwa hatua chache zaidi. Hapo mdomo ndio wa kuaminiwa.

Ukishindwa kushikilia kasi hiyo, tumia nguzo za stima. Tembea kwa kasi kutoka nguzo moja hadi nyingine, kisha polepole hadi inayofuata. Baada ya wiki kadhaa, nguzo mbili za kasi kwa moja ya polepole.

8. Ongeza kila baada ya wiki mbili, si kabla. Siku 5 kwa wiki:

- Wiki 1 na 2: dakika 10 kwa siku
- Wiki 3 na 4: dakika 15
- Wiki 5 na 6: dakika 20
- Wiki 7 na 8: dakika 25
- Wiki 9 na 10: dakika 30, yaani 150 kwa wiki

Ukihisi mwili umechoka kupita kiasi au usingizi umeharibika, rudia wiki hizo mbili. Hakuna anayekukimbiza. Kuanzia wiki ya 7, jumuisha safari za kweli: shuka kwenye boda au matatu mapema utembee sehemu iliyobaki, nenda dukani kwa miguu. Palizi pia ihesabu, mradi unahema kama kwenye kutembea na huachi kila dakika mbili. Kusimama shambani ukiwaelekeza vibarua hakuhesabiki.

9. Wiki ya tatu, ongeza nguvu, siku 2 kwa wiki. Acha siku moja katikati. Mazoezi manne yanatosha:

Kuketi na kusimama. Egemeza kiti ukutani. Keti ukingoni, pishanisha mikono kifuani, simama, keti tena taratibu. Mara 8. Ukishindwa, jisaidie kwa mikono juu ya mapaja.

Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa mabega, kunja viwiko uukaribie ukuta, ujirudishe. Mara 8.

Kuinua visigino. Shika meza nzito, panda juu ya vidole vya miguu, hesabu hadi mbili, shuka. Mara 10.

Kuinua chupa za maji kutoka kwenye paja hadi begani, mara 10 kila mkono.

Pumzika dakika 2, rudia mara moja. Toa pumzi unapojikaza, vuta unaporudi. Kubana pumzi huku umejikaza hupandisha presha juu sana kwa sekunde chache, na ndiyo sababu tunasisitiza. Njia rahisi ya kutokosea ni kuhesabu kwa sauti. Kanuni hii ishike pia unapotwika mtungi wa lita 20, unaposukuma gari lililokwama, na ukiwa chooni umefunga choo.

10. Kusimama imara, siku 3 kwa wiki. Fanya jikoni ukiwa umeshika meza. Simama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10, kisha badilisha. Baadaye, mguu mmoja juu, sekunde 10 kila upande. Usifanye hivi kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, na ukaanguka ukagonga kichwa, nenda hospitali hata kama unajisikia vizuri.

11. Vunja vikao virefu. Kila nusu saa ya kukaa, simama dakika 2 au 3. Wakati wa matangazo ya redio, zunguka nyumba. Mtu anayetembea dakika 30 kisha akakaa saa kumi mfululizo bado anajiumiza.

12. Pima presha mara moja kwa wiki, siku na saa ile ile, uandike. Mwenye presha ya juu anayefanya haya yote kwa miezi miwili au mitatu anaweza kuona namba ya juu (ile ya kwanza, kama 140 katika 140/90) ikishuka kwa takriban 5 hadi 8. Inaonekana ndogo, lakini ikidumu miaka hupunguza viharusi kweli.

Makosa yanayorudi kila mara

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha dawa kwa sababu namba zimekuwa nzuri. Namba ni nzuri kwa sababu dawa na miguu vinafanya kazi pamoja. Ukiacha, presha hupanda kimya kimya bila kuuma popote, na wengi hujua siku mkono unapokataa kuinuka. Ukidhani dawa zimekuwa nyingi, peleka daftari lako kliniki na umwache mtabibu apunguze mwenyewe.

La pili ni kukaa Jumatatu hadi Ijumaa, kisha kutembea kwa muda wa saa tatu Jumamosi. Kwa aliyeanza juzi, hiyo ni njia ya kuumia.

La tatu ni kudhani miguu inafuta chumvi, sigara na chang'aa. Haifuti. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyo kwenye omena wakavu na supu za pakiti, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Ukikwama

*Presha yangu imepanda nilipopima baada tu ya kutembea.* Ni kawaida. Namba ya juu hupanda mwili unapofanya kazi, kisha hushuka, na mara nyingi hubaki chini kwa saa kadhaa. Pima baada ya kupumzika nusu saa.

*Magoti yanauma.* Maumivu madogo yanayoisha ndani ya saa mbili hayana shida. Yakidumu hadi kesho, rudi nyuma ngazi moja katika hatua ya 8 na uhamie njia tambarare ya udongo. Goti lililovimba na kuwa moto lionwe na daktari.

*Shavu la mguu linauma nikitembea, nikisimama linaacha.* Hili usilinyamazie. Linaweza kuwa mishipa ya miguu imeziba, na mwenye mishipa hiyo iliyoziba huenda ana ya shingoni na moyoni pia. Nenda ukaonwe.

*Kichwa kinazunguka nikisimama.* Pima presha ukiwa umekaa, kisha dakika moja na dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwambie anayekuandikia dawa. Kwa sasa, keti ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kuinuka.

*Nilikuwa na malaria.* Subiri homa iishe kabisa na hamu ya kula irudi, kisha anza na nusu ya dakika ulizokuwa nazo.

*Tulikuwa na matanga, nimekosa siku nyingi.* Ukikosa wiki moja, endelea ulipoachia. Wiki mbili au tatu, rudi ngazi moja. Zaidi ya mwezi, anza tena na dakika 10. Safari hii utapanda haraka. Mkiwa matangani, mzunguko wa boma asubuhi na jioni hauvunji heshima ya marehemu.

*Mvua haiachi.* Piga hatua papo hapo verandani, ukiinua magoti, dakika zile zile. Njia ya matope si mahali pa mzee. Nyonga iliyovunjika humlaza mtu miezi.

*Naogopa mbwa na vijana wa mtaani.* Tembea kwenye uwanja wa shule au kanisa, mkiwa kundi. Chama cha akina mama kinaweza kuanza kikao chake kwa dakika 20 za kutembea kabla ya kuhesabu pesa.

Simama mara moja ukihisi

Mbano kifuani, pumzi kukatika kuliko kawaida, moyo kwenda mbio ovyo, au kizunguzungu. Keti. Mbano kifuani usipoisha kwa kupumzika dakika chache, nenda hospitali. Ukiisha pia, usitembee tena hadi uonwe.

Kisha dalili za kiharusi chenyewe, ambazo kila mtu nyumbani azijue, hata wajukuu. Uso: mwambie atabasamu, je, upande mmoja umelegea? Mkono: ainue yote miwili, je, mmoja unashuka? Maneno: arudie sentensi rahisi, je, anavuruga au hawezi? Moja tu kati ya hayo, likija ghafla, linatosha. Macho kupotea ghafla, mwendo kuyumba, au kichwa kuuma kwa ukali usiowahi kuonekana pia vinahesabika.

Fanya haya:

Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na lazima ubongo upigwe picha ya CT kwanza. Kwa hiyo uliza leo, ukiwa mzima, ni hospitali gani iliyo karibu nawe ambayo mashine yake ya CT inafanya kazi, na njia ya kufika huko usiku.

Mlaze kwa upande. Usimpe maji, uji wala dawa yoyote ya kumeza. Koo linaweza kuwa limepooza na akapaliwa. Usimpe aspirini, kwa kuwa bila picha hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka, na kama umepasuka aspirini itazidisha kuvuja. Usimwongezee dawa ya presha. Usimchome vidole kwa sindano wala kumkanda.

Usimpakie kwenye boda. Aliyepooza upande mmoja hawezi kujishikilia, na kubanwa kati ya watu wawili hakumzuii kuanguka. Hapo ndipo namba ya mwenye gari inahitajika ikiwa ambulensi haipatikani haraka. Beba karatasi ya dawa zake.

Na kama dalili zimeisha zenyewe baada ya dakika 10, msirudi kulala. Hicho ni kiharusi cha kupita, na siku chache zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa ya kikubwa chenyewe. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema yuko sawa na ameanza kuuliza chai.